Wimbo ya Jicho ya Bosco

Mbele ya yote niseme wazi: hii habari inanionyesha mi kama mupumbavu, na hakuna fasi hata moja yenye natoka nayo muzuri. Nimeigeuza-geuza miaka yote hii, natafuta upande wenye unaweza kunisaidia. Wapi! Juzi Jumamosi rafiki yangu Bosco aliozesha binti yake Claudine, na kama kawaida walinipa mikro. Ku ndoa za hapa Rubavu mi njo mutu wa mikro. Hata wenye hawajue jina yangu wananiita Redio, juu kuanzia utoto hakuna mutu alishaona kabutoni kangu ka kuzima. Bon, nikashika mikro, nikahadisia watu ule mwaka wa tisini na tisa, Bosco golikipa, jicho yake, wimbo yangu. Watu walicheka mupaka tante mumoja akamwaga soda ku kitenge ya jirani. Bosco mwenyewe alicheka, pale mbele mu costume yake, jicho ya kuume nusu imefunga kama duka ya saa sita, mukono ya kushoto imelala ku meza. Hakuna mutu alijua kama nimeruka katikati ya habari. Hapa sitaruka. Na mambo ya baba, mama, nilizaliwa wapi, hiyo muache, haisaidie mutu.

Ile mwaka mi nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili, primaire nimemaliza, na kazi yangu ilikuwa kelele. Sicheki. Tulikuwa kipe moja, timu ya kuvua sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, mitumbwi tatu imefungwa pamoja na miti mirefu, na watu wa kupiga makasia wanahitaji mutu wa kuwapa mwendo. We unaimba mustari moja, wao wanajibu, makasia inaingia mu maji pamoja. Ukiimba mubaya mutumbwi inaenda kama mulevi. Mi nilikuwa napiga muluzi na natunga nyimbo juu ya kila mutu: mwenye bibi amemukimbia, mwenye amenunua kiatu kimoja kikubwa kimoja kidogo. Bosco alikaa mbele yangu, karibu sana, nilijua mugongo yake kuliko uso yake. Mutu mupole, mabega kama mulango, na Jumapili alikuwa golikipa yetu. Alipanga chumba moja kule Nengo na bibi yake Espérance: kitanda, pazia ya maua, meza yenye mguu moja iliwekewa jiwe, na kipande ya kioo imetundikwa ku musumari. Mi nilikula pale karibu kila siku. Espérance alikuwa anasema amezaa mutoto mumoja, Claudine, na kuokota wa pili mwenye ndevu.

Jumapili moja tulicheza na mafundi wa nguo wa mujini, pale ku muchanga. Magoli ilikuwa miti ya mutumbwi. Mi nilikuwa beki, na beki wa hovyo, juu nilikuwa nacheza na mudomo. Mupira ikapanda juu, mi narudi nyuma-nyuma naangalia mbingu, napiga kelele "Iko yangu! Iko yangu!", Bosco naye anatoka golini kimya kama kawaida yake. Tukagongana. Kisukusuku ya mukono yangu ilimushika hapa, chini ya taya upande wa kuume, na kichwa yake ikageuka upande mwengine kama mutu mwenye ameitwa gafla. Alianguka, akabaki chini kidogo, akasimama. Mupira bado iko mu mikono! Watu wakapiga makofi. Hakuna damu, hakuna kuvimba, hakuna hata alama. Nikamwambia: "Golikipa gani anapiga beki yake na shingo?" Akacheka. Leo najiuliza, kama kungekuwa na damu, hata kidogo tu ya kuchafua shati, si tungemukimbiza kwa muganga ile saa ile? Lakini hakukuwa. Hiyo njo inanichanganya mupaka leo: kitu ya kuua mutu inaingia na haigonge mulango.

Jioni tulikula kwao, viazi na sambaza za kukaanga na pilipili. Bosco alikula pole-pole, anageuza mwili yote kuangalia chumvi, juu shingo imekataa. "Inaniuma huku," alisema, anaonyesha pembeni ya shingo, "inapanda mupaka nyuma ya jicho. Na mu sikio iko mutu anapiga makasia." Espérance aliuliza: "Makasia namna gani?" Bosco akafunga macho, akasema: "Shwa. Shwa. Shwa. Haisimame." Mi nikasema sha, njo faida ya kazi, wengine wanapeleka samaki nyumbani, we umepeleka ziwa yote. Wote tukacheka. Siku ya pili vilevile, shwa, shwa. Siku ya tatu, Jumanne asubuhi, nilifika kwao kunywa chai, nikamukuta amesimama mbele ya ile kipande ya kioo. Kope ya jicho ya kuume ilikuwa imeshuka. Si sana. Kama pazia yenye mutu amesahau kuifungua mupaka juu. Na ndani, ile nyeusi ya katikati, ya kushoto ilikuwa kama mbegu ya papai, ya kuume kadogo kama mbegu ya dodo, ile mboga ya majani. Mi niliiona. Nasema hivi juu ni ya lazima: niliiona, nikaihesabu, nikailinganisha. Na unajua nilifanya nini? Nilitunga wimbo.

*Bosco golikipa, jicho moja imefunga duka,*
*mu sikio makasia, shwa, shwa, shwa,*
*shingo inaangalia Goma, miguu inaenda Kigali.*

Ile siku kipe yote iliimba. Wanawake wenye wananunua sambaza ku muchanga wakaishika, wakaipeleka ku soko. Saa sita tayari bwana mumoja fundi wa nguo, Abdu, mutu mufupi mwenye hasira ndefu, alishuka ku ziwa na mita ya kupimia bado iko ku shingo. "We Bosco! Bibi yangu anasema unamukonyeza kila asubuhi!" Bosco akamuangalia, masikini, na ile jicho ikashuka tena. "Unaona!" Abdu akalia. "Hata mi ananikonyeza!" Watu walianguka chini kwa kucheka. Mi nikaongeza mustari ya Abdu palepale. Bosco hakucheka ile mara. Aliniambia pole-pole, vile alikuwa anasema kila kitu: "Redio, mi sifungi hii jicho. Inajifunga." Nikamujibu: "Donc ilipe loyer ya nyumba, inaishi peke yake." Espérance alikuwa anaongea na jirani yake nyuma ya nyumba, nilisikia pale nangojea chakula. Jirani anasema: "Wamemuroga huyu. Mutu wa mupira amemuwekea kitu." Espérance anasema: "Reka, wacha hayo, ni usingizi tu. Mi namuomba Mungu ikuwe usingizi." Halafu nikasikia kisu inaendelea kukata majani ya sombe.

Sasa naingia fasi yenye niliruka ku ndoa. Jumatano mi njo nilisema twende Nyamyumba ku amashyuza, kwenye maji ya moto inatoka mu udongo. Kila mutu wa hapa anajua: mugongo ikiuma, mguu ikiteguka, unaenda unakaa mu maji, na iko watu wa kukukanda. Sisi watu wa makasia tulikuwa tunaenda kama wengine wanaenda kanisani. Hakuna mutu alinitumanisha. Espérance alisema angojee kidogo, mi nikasema mama, shingo inangojea nini, autorisation? Tukatembea kwa miguu, ziwa upande mumoja, migomba upande mwengine, Bosco amebeba kichwa yake kama mama mwenye amebeba yai. Pale kulikuwa kijana mumoja wanamuita Rukara, mikono kama koleo, anajulikana kwa kurudisha mabega. Akamukalisha ku jiwe, miguu mu maji, akashika shingo, akasema "Imefunga." Akaniambia: "We, mushike mabega asitikisike." Nikamushika. Nilimushika na nguvu zangu zote na nilikuwa namuimbia, ile wimbo yake, ili asiogope. Rukara akazungusha kichwa huku, akazungusha kule. Krak. Watu wenye walikuwa mu maji wakasema "Yeee!" kama goli imeingia.

Mama mumoja alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha mu ile maji. Nilinunua mbili, nikampa Bosco moja mu mukono ya kushoto. Ikaanguka. Nikaiokota, nikapangusa, nikampa tena, vidole havikufunga, ikaanguka tena. Nikasema: "Golikipa wa bure, hata muhindi inakupita!" Akataka kujibu. Alichosema hakikuwa na maneno ndani, kilikuwa kama mutu anaongea na viazi moto mu mudomo, na upande moja ya midomo ilikuwa imelala. Nikaacha kutafuna. Rukara akasema usiogope, ni ubaya inatoka. Na watu wote wakakubali: inatoka, inatoka. Kisha, kabla muhindi yangu haijaisha, vidole vikaanza kutembea. Midomo ikarudi. Bosco akasema sawasawa: "Kumekuwa nini?" Na wakapiga makofi! Mi pia nilipiga. Tulirudi Nengo nikamwambia Espérance: "Amepona." Mutu anapoteza mukono na ulimi yake, zinarudi, na sisi tunasherehekea. Nielezee we, mi nimeshindwa. Shingo iko kuume, jicho iko kuume, mukono yenye ilikufa ilikuwa ya kushoto. Kama kuna mutu mwenye angeniambia hiyo ni kitu moja, ningemucheka.

Alhamisi, karibu saa nane, tuko ku muchanga tunaanika nyavu, akashuka mwanamuke mumoja amevaa blouse nyeupe, viatu mu mukono juu ya muchanga. Nilimujua kwa sura: Rehema, muganga wa ku centre de santé, mwenye alirudi kutoka Tanzania na anaongea Kiswahili ya kitabu. Akauliza: "Nani ametunga wimbo wa Bosco?" Mi nikajipangusa mikono ku suruali, nikasimama. Nilidhani anakuya kunipa pongezi! Pengine kuna fête ku centre, wananihitaji. Nikasema: "Ni mi, mama muganga. Na iko mistari ingine yenye sikuitoa bado." Akaniangalia bila kucheka. "Leo mama mmoja muuza samaki amenyonyesha mtoto pale kwangu huku akiuimba. Nimemwambia aurudie mara tatu. Hilo jicho umelibuni au umeliona?" Nikasema nimeliona. "Na makasia ya sikioni, umebuni?" Nikasema apana, yeye mwenyewe alisema. "Na shingo?" Nikasema: "Shingo ni mi nilimugonga. Jumapili." Akavaa viatu hapo hapo mu muchanga. "Nipeleke kwake."

Mu chumba ya Nengo alimukalisha Bosco ku kitanda, akamwambia Espérance afunge dirisha na kitenge. Giza ikaingia. Akangojea, akakaribisha uso yake. "Njoo uone," akaniambia. "Hili la kushoto limefunguka gizani, kama linavyotakiwa. Hili la kulia limebaki dogo." Kisha akashika mukono ya Bosco pale kwenye damu inaruka, akasema: "Funga macho. Kila ukisikia kasia, gonga kitanda kwa kidole." Bosco akaanza kugonga. Tok. Tok. Tok. Mi ni mutu wa mwendo, sikuhitaji kuambiwa. Nilijishika mukono yangu ili nielewe anafanya nini, na nikaelewa. Ilikuwa moyo. Siku nne Bosco alikuwa anasikia damu yake mwenyewe inapita mu shingo na kelele, na mi nilikuwa naipigia muluzi. Rehema akatoa kile chombo cha kusikilizia, akaiweka ku shingo pole-pole sana kama anaweka mutoto mwenye amelala. Alisikiliza murefu. Halafu akauliza ile swali.

"Kuna mtu amekukanda shingo? Na mkono, au mguu, au ulimi, umewahi kulegea hata kwa dakika chache, ukarudi?"

Bosco aliniangalia. Njo tabia yake, vitu vya kuongea aliniachia mi, tangu zamani. Espérance pia akaniangalia. Na mi nikasema: "Apana, muganga. Hakuna." Ilitoka yenyewe, haraka, na sauti muzuri kabisa, sauti ya mikro. Sijui juu ya nini. Niliogopa Espérance? Niliogopa huyu mwanamuke atasema ni mi nimeua mutu? Nilijiambia: si mukono ilirudi? Kitu yenye ilirudi ni sawa na kitu yenye haikuenda. Bosco hakusema kitu. Aliinamisha macho yake, moja na nusu. Rehema akasema: "Sawa. Alale chali, asigeuze kichwa, mtu yeyote asimguse shingo. Kesho asubuhi gari la hospitali likipita litamchukua." Akatoka. Mi nikabaki naangalia ile meza yenye mguu wa jiwe. Kesho asubuhi. Nilihesabu hatua zake inje, nilizisikia zinashuka ku njia, na nilipofika ku makumi tatu nilikuwa nimeshatoka nakimbia bila viatu. Nikamushika ku kona ya boutique. "Muganga! Mukono ya kushoto ilikufa. Jana. Na mudomo. Tulimukanda ku maji ya moto, nilimushika mi mwenyewe, ikakufa, ikarudi." Alifunga macho kwanza, hivi, kama mutu anapigwa na jua. "Ikarudi," alisema. "Basi hatuna kesho asubuhi."

Gari haikuwa. Ile mwaka gari zilikuwa na masaa zao na barabara zao, na pikipiki alikataa, itamutikisa. Donc tulileta ingobyi, ile kitanda ya kusokotwa yenye watu wa milima wanabebea wagonjwa ku mabega. Alifunga kichwa ya Bosco katikati ya vitenge viwili vimeviringishwa. Kipe yetu wanne wakashika miti, mi wa mbele. Na mutu wa ingobyi, kama mutu wa makasia, anahitaji mwendo. Wote walingojea mi nianze. Tulipiga hatua kumi, hatua zinagongana, kitanda inacheza. Rehema akasema: "Imba, basi. Kila mmoja wenu anamtikisa." Nilifungua mudomo. Kichwani mwangu ilikuwa wimbo moja tu, na ilikuwa ile. Nikafunga mudomo. Mwisho ni Abdu, yule fundi mufupi wa nguo, mwenye alikuwa anapita na kitambaa yake, aliona, akaweka kitambaa chini, akashika mti nyuma yangu na akaanza kuhesabu kwa sauti: "Rimwe, kabiri. Rimwe, kabiri." Vile tu, mupaka hospitali. Bosco aliangalia mbingu njia yote.

Kule docteur alitueleza. Alichora ku karatasi tuyau ya damu, ile ya mu shingo, yenye iko na ngozi mbili, ya inje na ya ndani. Mutu akigongwa, shingo ikizunguka kwa nguvu, ya ndani inaweza kupasuka na ya inje inabaki nzima. Njo maana huoni kitu. Damu inaingia katikati ya ngozi mbili, inavimba ndani, inafinya kamba kadogo kenye kanashika kope, njo jicho inashuka. Na pale imepasuka damu inaganda, kipande inaweza kuruka ikapanda ku bongo, na upande wa kuume wa bongo njo inashika mukono ya kushoto. Mara ya kwanza ilikuwa kadogo, ikayeyuka. "Iyo ilikuwa onyo," alisema. Niliuliza na kule kumukanda. Akasema: "Shingo ya namna hii haizungushwe." Hawakuwa na machine ya kuona ndani ya shingo, walimuangalia na macho, masikio na akili, wakamupa dawa ya kufanya damu isigande, wakamulaza bila mto. Kumupeleka ku hospitali kubwa ya mbali, ku ile barabara ya makona, docteur alisema hapana, siku hizi za kwanza hapana.

Salle ilikuwa na vitanda munane na harufu ya uji na dawa ya kufagilia. Wenye wanachunga wagonjwa walipikia inje, wanaongea. Mama mumoja aliuliza mwenzake: "Huyu wa dirishani ana nini?" Mwengine akajibu: "Alicheza mupira." "Na njo amelala hivyo?" "Njo amelala hivyo." Siku ya pili asubuhi mukono ya kushoto ilikufa tena, na hii mara haikurudi yote. Nilikuwapo. Espérance alikuwa anamulisha uji na kijiko, uji ikatoka pembeni ya mudomo, akaipangusa na kitenge, akajaza kijiko tena. Mi nilikaa ku mwisho wa kitanda siku tano. Sikusema neno. Kipe walikuya kuona Bosco na waliniuliza kama mi njo mugonjwa. Nilikuwa na maneno moja tu mu kichwa: ile saa moja ya uongo, kuanzia "apana" yangu mupaka kona ya boutique. Haikuwa hata saa moja, lakini mi nahesabu saa moja.

Siku ya sita Rehema alikuya kusaidia pale hospitali, nikamufuata mu couloir, nikamuuliza swali yenye ilikuwa inanikula. Kama singetunga wimbo, asingesikia, Bosco angekufa ku kitanda yake na jicho nusu. Donc wimbo yangu ilimuponya? Alikuwa amebeba sahani ya dawa. Akasema: "Nilipokuwa Tanzania kijana alianguka na baiskeli. Alitembea siku tano na jicho kama hilo. Kila mtu alilicheka, hakuna aliyelieleza. Nilimwona baada ya kufa. Ndiyo maana wimbo wako niliusikia." Nikacheka kidogo, nilidhani amenisamehe. Akaendelea: "Wewe uliona kila kitu. Jicho, sikio, shingo, kwa mpangilio, hata daktari asingeandika vizuri hivyo. Uliona Jumanne. Mimi nilisikia Alhamisi. Kati ya Jumanne na Alhamisi kuna nini?" Akaenda zake na sahani yake. Kati ya Jumanne na Alhamisi kuna Jumatano. Kuna jiwe, kuna maji ya moto, kuna mikono yangu ku mabega ya Bosco.

Alipona, kama kupona ni kusimama na kuongea na kuozesha binti. Makasia hakushika tena. Vidole vya kushoto vinafunga kitu kikubwa, kidogo vinaacha. Alianza kuuza nyuzi na ndoana na mafuta ya taa pale juu ya muchanga, na kila Jumapili alifundisha vijana kudaka, anapiga kelele na mukono moja. Mi niliacha ziwa mwaka wenye ulifuata, nikaenda mu mambo ya mikro. Ile wimbo sikuiimba tena, lakini mu soko iliendelea miaka miwili mitatu, watoto walikuwa wanairukia kamba bila kujua Bosco ni nani. Mara moja moja, mutu akianguka ku mupira na akisema hana kitu, mi nafika karibu, namuangalia macho yote mawili, ya kuume, ya kushoto, namuuliza kama sikio inaongea. Vijana wanasema Redio amezeeka, anatafuta bibi mu macho ya wanaume. Waseme. Mumoja mwaka uliopita nilimupeleka kwa muganga kwa nguvu, hakuwa na kitu, alinitukana njia yote ya kurudi. Sikujua kama nifurahi ao nione haya. Njo vile imebaki na mi.

Sasa Jumamosi, ndoa imeisha, watu wamebeba viti, nilimukuta Bosco nyuma ya salle ya ndoa ku bidon ya kunawa. Nilimumwagia maji, juu na mukono moja haiwezekane kushika bidon na kunawa. Nikamwambia, na hii mara sauti ya mikro ilikataa: "Bosco, unajua niliruka katikati. Sikusema Rukara. Sikusema mi njo nilikushika mabega. Na ile 'apana'." Alinawa vidole, kimoja kimoja, vya kushoto na vya kuume. Nikaongeza: "Miaka yote hii hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Si nilikuwa pale?" alisema. "Mabega yalikuwa yangu. Na mi pia nilinyamaza, nilikuwa na ulimi ile saa." Akakung'uta maji, akanigeukia na mwili yote, vile anageuka tangu ule mwaka, na ile jicho yake ikaniangalia chini ya kope. "Sha Redio, mi nikuambie siku yenye niliogopa? Si ku maji ya moto. Si mu ingobyi. Docteur alikuwa anasema vitu vyake, Espérance analia, mi niliona ni mambo ya hôpital tu, itapita. Halafu we ukakuya, ukakaa ku mwisho wa kitanda, siku tano, hukutunga hata mustari moja. Njo hapo nilijua ninakufa."